Rakuni amezaa darini, Toronto: je, tuzibe tundu?

Mama wa Scarborough
Habari zenu, ndugu. Kila jua likizama tunasikia vishindo darini, na wiki hii kumeongezeka vilio vyembamba mithili ya vifaranga. Nilipopanda ngazi kwa nje niliona ubao wa pembe ya paa umebanduliwa na manyoya ya kijivu yamenasa kwenye msumari. Jirani anashauri tumtege rakuni huyo, yaani yule mnyama wa porini wa huku mwenye mkia wa mistari, tukamwache msitu wa mbali, ilhali mume wangu anataka kuziba tundu usiku mnyama akishatoka. Tuna watoto wadogo, tufanye lipi?

Fundi Paa
Dada, mwambie shemeji aweke nyundo chini kwanza. Vilio hivyo ni vya watoto: rakuni huzaa majira ya machipuko, aghalabu watatu hadi watano, nao hawawezi kumfuata mama yao mpaka wafikishe wiki 8 hivi au zaidi. Mama akifungiwa nje atabomoa paa upande mwingine ili awafikie, na akishindwa watakufa na kuoza juu ya vichwa vyenu.

Dawa ni kumkera hadi ahame mwenyewe. Washeni taa kali darini na redio ya mazungumzo mchana, wakati anapotaka kulala. Kwa kawaida huwa na maficho mengine, na atawahamisha watoto mmoja mmoja akiwabeba kwa ngozi ya shingo. Kisha jazeni tundu kwa magazeti yaliyofinyangwa. Yakikaa siku kadhaa bila kusukumwa, na ndani kuko kimya, ndipo mpigilie wavu wa chuma nene, si ule wa banda la kuku, maana huo ataurarua.

Mkazi wa Hamilton
Kuhusu ushauri wa jirani, sheria ya mkoa wetu wa Ontario inataka mnyama aliyetegwa aachiliwe ndani ya saa 24, na si zaidi ya kilomita 1 kutoka alipokamatwa. Sababu mojawapo ni kuzuia kusambaza maradhi, na sisi wa Hamilton tunaielewa vizuri, kwani kichaa cha mbwa cha aina ya rakuni kilizuka hapa mwishoni mwa 2015. Isitoshe, ukimtega mama, watoto unamwachia nani?

Mama wa Scarborough
Nashukuruni sana. Na kinyesi? Kipo rundo zima kwenye kona moja.

Muuguzi Mstaafu
Hapo ndipo penye hatari kubwa, mwanangu, kwa sababu kinyesi cha rakuni kinaweza kuwa na mayai ya mnyoo aitwaye Baylisascaris procyonis, ambaye ni nadra kumpata binadamu lakini akimpata huweza kushambulia ubongo. Mayai huanza kuambukiza baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo msichelewe pindi wanyama wakiondoka. Klorini haiyaui, maji yanayochemka huyaua, ingawa darini yataharibu dari yenyewe. Vaeni glavu na barakoa, nyunyizieni maji kidogo ili vumbi lisipande, kisha ng'oeni sufi yote ya kuzuia baridi iliyochafuka na kuitia kwenye mifuko ya kufungwa. Watoto wenu wasikaribie hadi kazi iishe, na nguo mlizovaa zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo.