Mvinyo mweupe wa Kiingereza wa kula na samaki: Bacchus, Solaris au mchanganyiko wa kilimo hai?

BintiTanga: Habari za jioni wadau. Jumamosi tumealikwa na majirani, watatuokea samaki kwa limau. Ni watu wa mazingira kwelikweli, hata maji ya chupa hawanunui. Nataka kuwapelekea mvinyo mweupe wa hapahapa Uingereza, wa shamba dogo, usiozidi pauni 20. Nimeona Bacchus ya Kent, Solaris ya Surrey, na mchanganyiko wa zabibu kadhaa za kilimo hai. Mimi si mnywaji, nisaidieni.

Mzee_wa_Kizibo: Bacchus, dada, usihangaike. Zabibu hii ilizalishwa Ujerumani mwaka 1933, lakini Uingereza ndiko ilikojipatia jina. Kwenye joto ukali wake, yaani uchachu, hupotea haraka, ladha ikapooza. Baridi ya huku inautunza. Ukifungua tu, unapokelewa na harufu ya maua ya elder, yale ambayo Waingereza huyatengenezea sharubati, halafu majani mabichi na ndimu. Kilevi mara nyingi asilimia 11 hadi 12, kwa hiyo hauchoshi mezani.

Kibo_London: Mkuu, harufu sikatai, ila wenyeji wake ni watu wa mazingira. Swali lao litakuwa shamba limepigwa dawa mara ngapi. Nchi hii ina unyevu, na adui wa mzabibu huku ni magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Bacchus inaumwa kirahisi. Solaris ilizalishwa Freiburg mwaka 1975 mahsusi ili istahimili ukungu, hivyo trekta la dawa haliingii shambani mara kwa mara. Pia huiva mapema na kujaa sukari, mvinyo wake una mwili zaidi, yaani ni mzito mdomoni. Mimi kura yangu iko hapo.

BintiTanga: Kumbe! Nilidhani kilimo hai maana yake hawapigi dawa kabisa.

Kibo_London: Wanapiga. Salfa inaruhusiwa, na katika nchi nyingi za Ulaya hata dawa za shaba kama mrututu, kwa viwango. Shida ya mrututu ni shaba: haiozi, inabaki kwenye udongo. Tena usichanganye "hai" na "endelevu". Kilimo hai ni cheti cha kisheria. Hapa wakaguzi wanaojulikana zaidi ni Soil Association, na dawa za viwandani karibu zote ni marufuku. Uendelevu ni mpango wa hiari ambao chama cha wazalishaji, WineGB, kilianzisha mwaka 2020: wanaangalia udongo, hewa ya ukaa, matumizi ya dawa na kadhalika, lakini hawalazimishi shamba liwe la kilimo hai. Na kuna wakulima wadogo wanaofanya yote hayo bila nembo yoyote, kwa sababu ukaguzi unagharimu. Ukiweza, waandikie shamba uwaulize. Mwenye shamba dogo atakujibu mwenyewe, tena kwa maelezo marefu kuliko unavyohitaji.

Mkulima_Dodoma: Nachungulia tu. Huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wenzetu wanavuna mara moja, Septemba au Oktoba, halafu sakitu ikipiga machipukizi Aprili, mwaka umeharibika. Wanawasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari usiku kucha kuifukuza baridi. Msilalamikie bei.

Chalinze_Jr: Mimi nalalamika 😂 Pauni 20? Sauvignon Blanc ya New Zealand naipata kwa pauni 9.

Kibo_London: Na usidhani hiyo ndiyo inachafua kuliko zote kwa sababu imetoka mbali. Nyingi husafirishwa melini kwenye matangi na kujazwa chupa hukuhuku. Kioo kizito kina mzigo wa hewa ya ukaa mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. BintiTanga, ukifika dukani nyanyua chupa. Ikiwa nzito kama dambeli, iache, hata lebo iwe na picha ya nyuki.

Mama_Zuhura: Mmemsahau samaki jamani. Bacchus yenye harufu kali itamfunika. Ningechukua mchanganyiko. Davenport, kwa mfano, wenye mashamba Kent na East Sussex, walipanda mizabibu ya kwanza 1991, na mvinyo wao mweupe mkavu (usio na utamu) unachanganya Bacchus, Ortega na zabibu nyingine. Unapata tufaha bichi na ukali safi, harufu haipigi kelele. Na kama kuna asiyekula vitu vya mnyama mezani, soma nyuma ya chupa: baadhi ya mvinyo husafishwa kwa ute wa yai au protini ya maziwa.

Mzee_wa_Kizibo: Samaki wa limau na Bacchus ni ndoa, Mama Zuhura, tusidanganyane.

Mama_Zuhura: Shikamoo mzee, lakini hapana.

BintiTanga: Asanteni sana. Nachukua mchanganyiko, na Bacchus nitaijaribu mwenyewe nyumbani. Niuweke friji muda gani?

Mama_Zuhura: Saa mbili zinatosha, na uutoe dakika kumi kabla ya kumimina; ukiwa baridi mno hautanusa kitu. Angalia na mwaka wa mavuno: aina hii hunywewa ikiwa changa, miaka miwili mitatu hivi.

Chalinze_Jr: Ukibaki, mimi nipo Croydon.