Krismasi ya ukoo mzima Marangu: kazi na gharama tugawane vipi?

Mkwe wa Marangu (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam. Nimeolewa Marangu, mkoani Kilimanjaro, na kila Desemba mimi, mume wangu na watoto hufunga safari kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 560, kwenda kula Krismasi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa wakwe zangu. Jambo lenyewe nalipenda, kwa sababu ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo watoto huwaona binamu zao wote kwa pamoja. Hata hivyo, mwaka jana tulikuwa watu 31, na wanawake tuliokuwa jikoni tulikuwa watatu, mmoja wetu akiwa mama mkwe ambaye umri wake umepita miaka 70. Kengele ya ibada ya Krismasi ilipogongwa nilikuwa bado namenya ndizi za machalari (ndizi za kupikwa na nyama), vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na kanisani sikufika. Nilipopendekeza tumlipe mpishi kutoka mjini, mama alinyamaza kwa namna iliyonifanya nisirudie tena. Naomba kujua familia zenu zinajipanga vipi, na mkwe aliseme vipi jambo hili pasipo kuonekana mvivu.

Kifungua Mimba wa Kibosho

Dada, tatizo lenu si uchache wa mikono, kwani kati ya watu 31 bila shaka kulikuwa na wanaume wazima wasiopungua wanane waliokaa chini ya migomba wakisubiri kuitwa mezani. Kwetu tuliamua kwamba nyama yote ni kazi ya wanaume, tangu kuchinja, kuchuna na kugawa mafungu ya wazee, hadi kupika kisusio, yaani supu yenye damu, na kusimamia ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) motoni, jambo ambalo peke yake huchukua saa nyingi. Jikoni hubaki ndizi na pilau tu. Tarehe 24 usiku, watu wanapofika wamechoka, hupikwa kiburu kimoja kikubwa cha ndizi na maharage, kila mtu anakula na wanaotaka wanakwenda misa ya mkesha. Hakuna anayepikiwa chakula cha pili.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo ina kalenda yake, na wengi hukosea hapo. Ndizi mbivu huchemshwa hadi zigeuke nyekundu, huachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo huchujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa pamoja na maji ya magome ya msesewa yanayotia uchungu. Anayeanza kutafuta ndizi tarehe 22 atakunywa soda. Kwa hiyo kikao chetu cha simu hufanyika Oktoba, kila kaka na kila dada anatajiwa kiasi kilekile, na fedha hukusanywa na mtu mmoja mwenye daftari.

Mtoto wa Mwisho

Kaka, hapo kwenye kiasi sawa kwa kila mmoja ningeomba muwe waangalifu. Sisi tulifanya hivyohivyo, na kaka yetu mmoja ambaye biashara yake ilikuwa imeyumba hakuja nyumbani miaka miwili mfululizo, kila mara akisema amebanwa na kazi, mpaka mama alipogundua kuwa alikuwa anaona aibu kwa sababu ya mchango. Siku hizi asiye na fedha huleta nguvu zake. Mwaka uliofuata kaka huyo alipanda treni, ile iliyorejea Moshi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, akafika tarehe 17, akapasua kuni, akachemsha ndizi za mbege na kupaka chokaa ukuta wa mbele. Hakuna aliyekuwa na mchango mkubwa kuliko wake.

Bibi wa Rombo

Mwanangu, mimi ndiye huyo mama mkwe, ingawa si wako. Nakueleza kwa nini alinyamaza. Ninyi mnafika tarehe 24 jioni na kuondoka tarehe 26 alfajiri, mkiwahi kazi zenu, na katika siku hiyo moja mwanamke aliyelea watoto sita anataka waonje mkono wake. Ukimletea mpishi, umemwambia kwamba hata hiyo siku moja haimhusu. Usimnyang'anye kazi yote. Muulize ni chungu kipi anataka kibaki chake, kisha vingine mgawane ninyi, na umwombe mumeo ndiye aanze mazungumzo, kwa kuwa neno la mtoto wake halitamuuma kama la mkwe. Kuhusu utomvu, paka mafuta ya kula mikononi kabla hujashika kisu. Nashangaa hakuna aliyekufundisha.

Mkwe wa Marangu (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na Bibi, shikamoo. Mume wangu alimpigia mama simu jana jioni, nami nilikuwa nimeketi kando nikisikiliza. Amesema mbege na mtori wa asubuhi ni vyake na hataki mtu aviguse. Pilau amewaachia mawifi zangu, nyama ameikabidhi kwa wanawe, na ameagiza ndizi zote zimenywe tarehe 24 usiku na kulowekwa kwenye maji, ili asubuhi kila mwenye miguu aende kanisani. Mume wangu alipouliza nani atazimenya, alicheka, kisha akamwagiza apitie sokoni anunue visu vinne vipya, kimoja kwa kila mtoto wake wa kiume.