KAMATI KOMBE LA MTAA 🏆

*Katibu:* Wakuu, timu 12 zimelipa. Makundi 3 ya timu 4, mechi 18. Wawili wa juu kila kundi ni 6, robo fainali inataka 8. Tunaongeza washindwa bora wawili, yaani kati ya walioshika nafasi ya tatu, kama AFCON wanavyobeba wanne kwenye makundi sita. Nani anapinga?

*Katibu:* ??

*Katibu:* Naona tiki za bluu tu.

*Fundi:* Wakilingana pointi?

*Katibu:* Wa kundi moja, AFCON wanaanza na matokeo yao walipokutana. Wa tatu hawajakutana, hapo ni pointi, halafu tofauti ya mabao. Kwa hiyo ukishapigwa tatu usilegee. Ivory Coast Januari 2024 walikula 4-0 kwa Guinea ya Ikweta, wakabaki na pointi 3, mabao hasi 3. Wakakaa siku mbili roho juu mpaka Morocco akaifunga Zambia 1-0. Wakapita, na kombe wakachukua.

*Dogo Boda:* Kundi hilohilo la Morocco na Zambia, Taifa Stars walikuwemo 😭 pointi 2

*Kocha wa Bondeni:* Mimi nina la mwaka jana. Sisi tulicheza saa 8, wale wawili wengine wa kundi letu saa 10, hesabu wanayo mkononi. Sare ikawabeba wote.

*Katibu:* Kocha, lile tulilimaliza.

*Kocha wa Bondeni:* Mlilimaliza nyie.

*Fundi:* Kocha ana hoja. Kombe la Dunia 1982, mjini Gijón, Aljeria kacheza jana yake, Ujerumani Magharibi na Austria wakamaliza 1-0, wote wakavuka. Ndiyo maana sasa mechi mbili za mwisho za kundi zinaanza pamoja.

*Katibu:* Uwanja tunao mmoja!

*Dogo Boda:* Kila mechi ichukue goli moja 😂😂

*Mama Asha:* Na refa mmoja katikati 😂

*Babu Mwenyekiti:* Nimesoma yote. Mechi mbili za mwisho za kundi zianze saa ileile, viwanja viwili. Bila hivyo mimi kombe sikabidhi.

*Katibu:* Shikamoo Babu. Tumekusikia.

*Katibu:* Basi raundi ya 3 ni siku tatu, kundi moja kwa siku. Nani anaenda kuomba uwanja wa shule? Goli la kule kwenye mwembe halina nyavu, bao moja la ubishi linaharibu hesabu nzima.

*Fundi:* Na kadi ziandikwe daftarini. Kombe la Dunia 2018 Senegal alilingana na Japan pointi na mabao, wakatoka sare walipokutana. Kadi za njano 6 kwa 4 zikamtoa.

*Kocha wa Bondeni:* Kadi nazo zikilingana?

*Katibu:* Kura ya bahati. Guinea na Mali AFCON 2015, Guinea akapita.

*Mwenye Duka:* Ndo nashika simu. Timu 12 au 16?

*Katibu:* Soma juu mkuu. Shule bado haina wa kwenda.