Mjadala: Chama cha mawakili (TLS) kifungue ofisi ya huduma ya pamoja kwa mawakili wanaofanya kazi peke yao Mbeya na Iringa, au kila mtu apambane mwenyewe?

Msomi wa Mafiati
Wasomi habari za jioni. Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tunaendesha ofisi ya mtu mmoja au wawili. Wewe ndo wakili, wewe ndo karani, wewe ndo mhasibu, wewe ndo unapandisha hati kwenye mfumo wa mahakama saa tano usiku kwa sababu zile kanuni za 2018 za kufungua mashauri kwa mtandao zinakupa mpaka kabla ya saa sita usiku ihesabike ni ya siku ileile. Asubuhi una kesi ya kutajwa tu Kyela, dakika tano mbele ya hakimu, unaenda unarudi siku imeisha na mteja wa Mwanjelwa kakusubiri kwenye benchi mpaka kaondoka. Weka kuhuisha leseni kila mwaka, ada ya TLS, mafunzo endelevu, mashine ya EFD ya kutolea risiti, VAT ambayo sisi wa huduma za kitaalamu tunatakiwa kusajiliwa hata kama mauzo hayafiki kiwango, na ritani kila tarehe 20.

Pendekezo langu ni hili, sehemu ya ada yetu irudi kanda, ipangishwe ofisi moja Mbeya na moja Iringa, iwe na chumba cha kuonana na wateja, mtu wa hesabu za kodi, masekretari wanaoijua kazi na orodha ya mawakili wa kushikiana brifu, yaani kusimama kortini kwa niaba ya mwenzako. Anaetumia alipie kidogo. Na kubwa zaidi, awepo mtu wa kushika mafaili wakili akilazwa au akifariki. Rufaa toka baraza la ardhi la wilaya ni siku 45, ukilazwa haziachi kuhesabika. Mnaonaje?

Kijana wa Kihesa
Naunga mkono kabisa. Mi nimefungua ofisi Iringa baada ya Law School na kitu ambacho hakuna aliyenifundisha ni kuendesha ofisi. Mteja nimtajie bei vipi, makubaliano naye niyaandikeje, hela yake niitenge wapi isichanganyike na ya pango, namuuliza nani? Marekani American Bar Association wana kitengo kizima cha mawakili wa ofisi ndogo kinaitwa GPSolo, na vyama vya majimbo mengi vimeajiri mtu ambae kazi yake ni kuwashauri mawakili namna ya kuendesha ofisi, unapiga simu unauliza. Sisi angalau tovuti ya TanzLII imetuokoa, hukumu tunazisoma bure. Ila kusoma hukumu ni kipande kidogo sana cha kazi ya siku nzima.

Mkongwe wa Uhindini
Vijana mnapenda kubebwa. Sisi tulianza na taipureta na kijana mmoja wa kupeleka samansi na kesi tulishinda. Anaeona ofisi inamshinda aungane na wenzake watatu wawe kampuni, nani kamkataza? Na tuseme ukweli, ofisi nyingi za mtu mmoja mnazozililia ni steshenari yenye muhuri. Wakili yuko Dodoma, muhuri uko Mwanjelwa kwa dada wa kuchapa, kiapo kinagongwa muapaji hajamuona wakili hata kwa mbali. Hao ndo tuwachangie?

Dada wa Kuchapa
Mkongwe shikamoo, ila hapo umenigusa na sinyamazi. Mimi ndo huyo dada wa kuchapa, ofisi za mawakili hapa mjini nimezifanyia kazi tangu enzi za flopi. Wakili anakuja na karatasi kaandika mistari sita kwa mkono anawahi kortini, akirudi anakuta hati ya madai imekaa, aya zina namba, viambatanisho vina herufi, uthibitisho uko mwisho unataja aya zake, anasoma anasaini. Likija pingamizi la awali kwamba uthibitisho una kasoro lawama ni kwangu, shauri likishinda jina ni lake. Mwisho wa mwezi naambiwa subiri mteja hajalipa. Mkataba hamna, NSSF hamna. Leo dada wa kuchapa ndo kaiharibu taaluma?

Mkongwe wa Uhindini
Marahaba binti. Sijakusema wewe, nimesema muhuri.

Dada wa Kuchapa
Umesema dada wa kuchapa Mwanjelwa. Mi nachapa Mwanjelwa.

Msomi wa Tunduma
Wakuu anachosema Dada ndo tatizo lenyewe na mnalipita. Sheria ya Mawakili, nadhani kifungu cha 44, inakataza asiye wakili kuandaa hati kwa malipo. Mtu akija hapa kutuambia yeye ndo anaijenga hati ya madai kutoka mistari sita, huo si uchapaji tena, ndo vishoka, hawa wanaojifanya mawakili, wanavyoanzaga hivyohivyo. Anachapa miaka kadhaa, anakariri fomu, kesho ana meza yake nje ya korti anawatoza wakulima.

Dada wa Kuchapa
Kishoka mimi? Kaka Tunduma futa hilo neno. Sijawahi kuchukua hela ya mteja, sijawahi kusaini, sijawahi kushika muhuri wa mtu. Nyie mkiitwa majina mnakimbilia kamati ya maadili, mi nikimbilie wapi?

Mama Gangilonga
Tunduma, kinachokataza ni cha 43. Cha 44 ndo kinachotaka aliyeandaa hati aweke jina na anuani yake, ile "imeandaliwa na" ya chini kabisa. Na karani anaefanya kazi chini ya wakili ambae anasoma na kusaini huwezi kumuita kishoka, mdogo wangu umemkosea.

Sasa hoja ya Mafiati ina shimo na sijaona aliyeligusa. Miji yetu ni midogo. Mdai yuko kwangu, mdaiwa yuko kwa Kijana wa Kihesa, wote tunatumia sekretari mmoja, printa moja, chumba kimoja. Maelezo ya siri ya mteja wangu yanalala kwenye kompyuta ya nani? Mtu wa kodi ataona nani kanilipa na kiasi gani. Watu wawili wana kesi ya shamba moja la parachichi wanakutana mlangoni wote wanasubiri zamu. Kanuni za maadili za 2018 zinakubana wewe binafsi juu ya siri ya mteja, huwezi kujitetea kwamba sekretari ni wa kanda. Ofisi ya pamoja hapana. Orodha ya brifu na utaratibu wa wakili mbadala, ndiyo.

Msomi wa Tunduma
Sawa 43, asante dada. Ila hoja yangu iko palepale.

Mkulima wa Rungwe
Samahani mi sio wakili. Wakili wetu wa kesi ya shamba la ukoo alifariki, ofisi ikafungwa, mwenye nyumba akatoa vitu akaviweka stoo. Mkataba wa mauzo wa marehemu baba ulikuwa mle, halisi, hatuna nakala. Mjane wa wakili tumeenda kwake, mama wa watu hana kosa, hajui faili lipi ni la nani na anaogopa kutoa karatasi isiyo yetu. Kortini tunaahirishwa tukatafute wakili mwingine, wakili mwingine anasema leteni faili. Nyie mnabishana nani kachapa, sisi tunauliza karatasi zetu ziko wapi. Afu na bei zenu, kugonga muhuri dakika moja elfu kumi, hiyo nayo ni kazi?

Kijana wa Kihesa
Pole sana mzee wangu kwa mliyopitia. Ila hilo la muhuri naomba nilijibu maana tunaonewa. Hulipii wino. Wakili akikushuhudia kiapo anatakiwa akujue au umtambulishe mtu anaekujua, uape mbele yake, aandike mahali na tarehe ulipoapia, hiyo ni sheria ya viapo na wathibitishaji Sura ya 12 na ikikosewa kiapo chote kinaweza kutupwa. Ikija kugundulika muapaji hakuwepo anaefungiwa ni wakili. Malipo ya mawakili yana amri yake ya 2015, tangazo la serikali namba 264, sio kwamba mtu kaamka kajipangia.

Mkongwe wa Uhindini
Hata mkulima kaliona. Muhuri umegeuka biashara.

Kijana wa Kihesa
Mzee wangu kwa heshima zote, ni ninyi mliotuachia muhuri. Kesi za benki mnazo ninyi, za machimbo Chunya mnazo ninyi, mikataba ya makampuni mnayo ninyi. Kijana anakuja kujifunza kazi kwenye ofisi kubwa anabeba mafaili bila hata nauli, siku anaondoka hana mteja mmoja wala simu ya kumshauri. Akifungua ofisi yake akaanza na viapo vya kupotea vyeti na mikataba ya kuuza viwanja mnamwita steshenari. Tunawaheshimu ila haya maneno yanaumiza.

Mkongwe wa Uhindini
Ofisini kwangu hakuna kijana aliyetembea kwa mguu. Usiniweke kwenye kapu la watu. Na kama mnataka kufundishwa, njooni muulize, mlango wangu uko wazi, lakini hamji, mnataka ofisi yenye mapokezi na kiyoyozi.

Msomi wa Tunduma
Halafu kwa nini mbili? Hela hazitoshi, ianze Mbeya. Huku kuna mpaka, malori, forodha, kesi za Tunduma peke yake zinaijaza ofisi.

Kijana wa Kihesa
Kamwene mkuu. Iringa tuna Mahakama Kuu, tuna Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) na Chuo Kikuu cha Iringa wote wanafundisha sheria, vijana wanaohitaji kushikwa mkono wamejaa huku. Na wa Mafinga na Kilolo aje Mbeya kutumia printa?

Mama Gangilonga
Naomba turudi kwa Mkulima. Yule ndo kaleta jambo zito kuliko wote humu na mmemjibu habari ya muhuri.

Msomi wa Mafiati
Ndo maana mi tangu mwanzo nilikuwa nasema orodha ya kushikiana brifu na mafaili ya marehemu.

Mama Gangilonga
Ulisema ofisi, na masekretari, na mtu wa kodi. Ila sawa, tukutane hapo. Mi naona hivi, wakili yeyote anaefanya peke yake wakati wa kuhuisha leseni ataje jina la mwenzake aliyekubali kuwa mbadala wake. Mteja aelezwe tangu siku ya kwanza kwenye makubaliano kwamba likitokea la kutokea faili litashikwa na fulani, akikataa ataje anaemtaka. Iwepo daftari moja tu, faili gani, korti gani, tarehe ya mwisho ya rufaa lini, hati halisi ziko wapi. Hati halisi usikae nazo, toa nakala, mrudishie mwenye mali, utazileta siku ya ushahidi. Hayo hayahitaji chama kipangishe hata chumba. Chama kinahitajika kwenye kulazimisha tu, maana kwa hiari hatutafanya.

Mkulima wa Rungwe
Mama ubarikiwe. Hilo la kurudishiwa karatasi lingekuwepo sisi tusingefika hapa. Ndaga fijo.

Mkongwe wa Uhindini
La mbadala naliunga mkono, na nitakuwa mbadala wa kijana yeyote wa mjini hapa atakaekuja tukae. Kwa sharti moja, daftari liwe limeandikwa. Sirithi mafaili ya mtu aliyeweka kila kitu kichwani.

Kijana wa Kihesa
Asante mzee wangu. Na kesi za kutajwa? Kanuni za 2021 zimeruhusu kusikilizwa kwa video, kwa nini tunasafiri bado?

Msomi wa Tunduma
Si kila korti ya wilaya ina chumba cha video bro, na mtandao ukikata katikati unaonekana hukuhudhuria. Kushikiana brifu kutabaki. Ila wa kukushikia ajue kesi, sio anasimama anasema wakili mwenzangu kaniomba niahirishe afu hajui hata tarehe anayoiomba mwenzake ana nafasi au hana. Mi kila wiki niko baraza la ardhi, mwenye kutajwa Vwawa au Tunduma anitumie mwenendo wa kesi siku moja kabla, nitasimama bila malipo, na mi nikiwa na Kyela mnisimamie.

Dada wa Kuchapa
Hilo daftari na hizo tarehe nani ataandika? Mafiati uko kortini, Tunduma uko barazani, Mkongwe mlango uko wazi. Tarehe za rufaa za ofisi tatu hapa mjini ninazo mimi kwenye kaunta buku, ndo hizo wakili ananipigia simu akiwa njiani kuniuliza ni lini. Kama mnataka daftari mwandike kwenye hilo pendekezo lenu kwamba sekretari wa wakili awe na mkataba na mchango wa NSSF uingizwe kila mwezi, ile asilimia 20, na mimi msinikate zaidi ya nusu yake. Na kaka Tunduma bado hujafuta lile neno.

Msomi wa Tunduma
Nimelifuta dada. Mkataba ni haki yako. Ila NSSF kwa ofisi ya mtu mmoja, mwezi ambao hujaingiza kitu, unaitoa wapi?

Dada wa Kuchapa
Unapoitoa ya TLS.

Msomi wa Mafiati
Jamani nafungua uzi mwingine wa mikataba ya masekretari maana naona huku ndo tumehamia. Wa hapa, mwenye kukubali kuwa mbadala aandike mji wake na korti anazoenda tu, majina tutapeana kwenye kikao cha kanda. Mimi Mbeya mjini, Mbalizi na Chunya.

Mama Gangilonga
Iringa na Mafinga.

Msomi wa Tunduma
Tunduma, Vwawa. Na Mafiati, kwenye huo uzi mwingine usinitaje.