Makuta ya utafiti kwa mwenye ametoka tu kumaliza teze: nianzie wapi? (niko Bukavu)

Mwana_Nguba

Mambo bandugu. Naomba musaada ya benye balisha kupita iyi njia, juu mi naona kama niko nazunguka fasi moja tu. Nilimaliza teze (doktora) ya kemia mwaka jana ku Ubelgiji, nikarudia Bukavu, sasa nafundisha ku yunivasite moja ya apa. Masaa ya kufundisha iko mingi kuliko nywele za kichwa, laboratwari iko na meza, robine yenye haitoe maji, na mizani moja yenye inapima vile inataka. Kule nilizoea kufungua kabati tu, napata kila kitu.

Chenye nataka kufanya ni bipande bidogo bidogo bya plastiki mu maji ya ziwa Kivu. Munaona wenyewe machupa na sashe vile binatelemuka ku mvua, binaingia mu ziwa, kisha byote binaenda kujikusanya kule ku baraji ya Ruzizi paka turbini zinasimama na umeme inakatika muji muzima. Ile ya kuonekana kila mutu anaiona. Ile ya chini ya milimita 5 njo mi nataka kuhesabu.

Nilipostule fasi moja, sitataja jina, nikaomba dola 15,000. Balikatala. Mwenye alisoma dosie aliandika kama mupango wangu ni wa batu kumi na miaka kumi, na ile sentensi ingali inaniuma paka leo. Ukweli nilikuwa nimetia ziwa nzima, upande ya Kongo na upande ya Rwanda, maji, muchanga wa chini, sambaza (bile bisamaki bidogo bya ziwa), tena na afya ya benye banakula sambaza.

Sasa nauliza, mutu wa kemia wa kwetu apostule wapi bila kupoteza wakati bure? Na ni kweli kama bila jina ya profesa mukubwa mu dosie haupate kitu? Kuko mukubwa mumoja apa kwetu ananiambia nimuweke yeye wa kwanza, ndio sahihi yake itapatikana.

Mutu_wa_Himbi (Goma)

Karibu nyumbani mudogo wangu, na pole kwa mizani. Iyo jibu usiikasirikie, angalau mutu alikusoma, mi ya kwangu ya kwanza walinijibu mistari mbili ya aksanti basi.

Kwa kemia fasi ya kwanza ya kuangalia ni TWAS, ile akademi ya sayansi iko Trieste kule Italia, Abdus Salam aliianzisha 1983 kwa ajili ya batu wa inchi kama zetu. Wako na franga za utafiti kwa mutu mumoja mwenye anaanza kazi, kemia imo, biolojia, fizikia, hesabu, na Kongo iko mu liste ya inchi zenye zinakubaliwa. Lakini soma sana kile franga inaweza kununua, juu ni vyombo na dawa za laboratwari na vitabu, mushahara wako hapana, kompyuta ya kubeba hapana, meza na viti hapana. Niliona batu wa akili wanaanguka juu tu ya kompyuta moja mu bajeti.

Ya pili inaitwa SG-NAPI, inapitia kwa TWAS pia lakini franga ni ya wizara ya utafiti ya Ujerumani, ilianza 2021. Iyo ni kama waliiandika wakikuwazia wewe, mwafrika mwenye alisomea teze inje ya inchi yake akarudia, chini ya miaka 40, teze haijapitisha miaka 5, na inafika paka dola 67,700. Ila wanahesabu miezi toka siku ulirudia, basi usilale ukisema mwaka kesho nitaona. Na kila mwaka wito ukitoka usome upya, masharti inabadilika, usinishike mi neno kwa neno.

Zenye utakuta ku intaneti kila siku, ile ERC Starting Grant ya Ulaya ya milioni 1.5 ya euro, ao CAREER ya NSF ya Marekani yenye inaanzia dola 400,000 kwa miaka 5, usikeshe bure. Ya kwanza yunivasite yako inapaswa kuwa Ulaya ao mu inchi zenye ziliungana na Ulaya kwa mambo ya utafiti, ya pili uwe umeajiriwa Marekani. Lakini dosie zao zenye zilipita kuko wenye wanaziweka wazi, soma ata mbili, mule njo utaona namna batu wanabana swali moja paka linakuwa dogo kama sindano.

Juu ya ule mukubwa nitasema wazi. Wa kwanza hapana. Iyi franga inaitwa ya wenye wanaanza, mwenye anasoma akiona jina ya mutu wa miaka 60 mbele na yako nyuma anajua palepale nani atafanya kazi na nani atakula. Kama kweli anakushauri, muandike mushauri.

Tena kitu chenye hakuna mwenye anakuambia paka umesha pata: konti. Mara mingi franga haipite kwa mufuko yako, inapita kwa yunivasite. Mwanzo wa 2025 banki zilifunga apa Goma na kwenu Bukavu, basi mbele ya kuandika ata mustari mumoja uulize biro ya franga kama wako na konti yenye inatembea mu muji ingine, na nani anatia sahihi. Vyombo navyo, kama vitapitia Kigali ao Bujumbura, duwane na usafiri utie mu bajeti toka siku ya kwanza.

MamaMapacha (Bukavu)

Ndugu wa Himbi amesema bizuri lakini iyi ya mukubwa ni rahisi kuisema ukiwa Goma. Mwana wa Nguba yeye atakutana naye kila asubui ku ngazi. Miye nilifanya ivi: nilimupelekea ukurasa moja ya mupango, si dosie nzima, nikamuambia Profesa, masharti inakataza mutu wa cheo chenu kuwa mwenye kuomba, lakini artikle ya kwanza yenye itatoka, kama mutasoma na kusahihisha, jina yenu itakuwamo. Alifurahi. Na kweli alisoma, akanitolea kosa moja kubwa ya hesabu. Si kila mutu ni adui.

Sahihi ya yunivasite njo kazi ya kwanza, haiko ya mwisho. Yangu ilikamata wiki tatu, juu siku moja mwenye muhuri alienda kilio, siku ingine wino ya printa ilikwisha (nilinunua miye, dola 12, hakuna ruzuku itanirudishia).

Kama kuko badada benye banasoma apa, kuko OWSD, nayo iko Trieste, ni ya banawake wa sayansi. Wako na ile ya Early Career yenye inafika paka dola 50,000, uwe na teze ya sayansi na kazi ku yunivasite ao santri ya utafiti mu inchi yako. Nilipostule mara mbili, ya pili ikapita. Ya kwanza ilianguka juu ya kifaransa yangu. Niliandika kwa kifaransa kisha nikageuza kwa kingereza miye mwenyewe, fasi ya kusema labda tutachukua pia mifano ya maji ya mto, éventuellement, nikatia "eventually", kumbe kwa kingereza iyo ni kusema mwishowe tutachukua. Basi wakaniuliza kwa nini mto haiko mu bajeti. Toka siku ile mutu mwingine anasoma mbele yangu, na si mashine.

Na benye batakuandikia barua ya kukusifu, usiwaachie wafikirie wenyewe. Uwapatie ukurasa yako, tarehe, na kitu kimoja chenye walikuona ukifanya kwa mikono. Barua ya "ni kijana muchapa kazi" haisaidie mutu.

Saa nayo. Wakiandika saa sita ya usiku ya Trieste, wakati wao wa joto ni saa ileile ya Bukavu, wakati wao wa baridi sisi tuko mbele yao saa moja. Lakini ukingoja ile saa na iyi konekisio yetu, unajitakia. Miye natuma siku tatu mbele.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Mwenzangu wa kemia, mi naona shida yako haiko fasi ya kupostule, ni swali. Huku Lubumbashi miye niliingia na udongo. Kiwanda ya kuyeyusha shaba ilianzaka kazi 1911, na upepo mara mingi ilikuwa inapeleka moshi upande moja, basi kule upande ya Penga Penga udongo iko na shaba na zinki na kadmi paka majani inakatala kuota. Ya kwanza niliandika "uchafuzi ya metali mu Katanga". Balinifukuza. Ya pili niliandika lopango moja, mboga moja, metali tatu, musimu mbili. Njo ile ilipita, na haikukuwa ata nzuri sana kama ya kwanza.

Tena usingoje franga ndio uanze. Nilitumiaka mushahara yangu kidogo kidogo kuchukua mifano kumi na mbili, ndogo kabisa, lakini mu dosie niliweka namba zangu mwenyewe. Mwenye anasoma anapenda kuona kama mukono yako ilisha kuingia mu matope.

Kwa plastiki yako hauhitaji mashine mingi. Wavu, chungio ya metali, maji ya chumvi yenye kukolea juu plastiki mingi ielee na muchanga ibaki chini, eau oxygénée (peroksidi ya hidrojeni) ya kula majani na bidudu, mikroskopi ya kawaida. Chenye hauna ni FTIR, mashine ya mwangaza wa infraruji, ya kuhakikisha kama ile kachembe ni plastiki kweli na ni plastiki gani. Usiiombe! Ile mashine ikifika kwenu na umeme yenu, itakufa mbele ya Krismasi. Andika kama utatuma sehemu ya chembe kwa laboratwari yako ya zamani ya Ubelgiji, na uombe barua yao ya kukubali. Ata mwenye alikukatala ataona kama una akili.

Na robine isiyo na maji usiifiche. Andika maji utatoa wapi na utachuja namna gani. Kitu kingine chenye wanauliza kila mara ni nyuzi za nguo, juu bulozi ya polyester inatoa nyuzi kuliko ziwa. Bulozi ya pamba, vyombo vya kioo, na kila siku unapitisha maji safi tupu njia ileile, unahesabu yenye iliingia kwa bahati mbaya. Bila ile, namba zako hakuna mwenye atazikubali.

Franga za kulinda pori na nyama, ile Rufford ya Uingereza, hazidai teze, lakini zinadai faida ya wazi kwa viumbe na watu watatu wa kukushuhudia. Kuhesabu plastiki tupu wataikatala.

Mwana_Nguba

Aksanti sana, kweli. Leo nilienda ku biro ya franga, konti iko Kinshasa na inatembea, sahihi ni ya batu babili. Mukubwa nimemupelekea ukurasa vile Mama alisema, alinyamaza kidogo kisha akauliza artikle itatoka lini.

Swali langu mupya ni ii: kuko chembe ngapi za plastiki mu litre 1 ya maji ya Ruzizi fasi inatokea mu ziwa, mbele ya mvua kubwa na nyuma ya mvua kubwa, kwa miezi 12? Sambaza nimetoa. Rwanda nimetoa. Afya nimetoa, ile iliniuma.

Mwana_Katuba

Sasa unaanza kuongea. Lakini litre 1 utapata sufuri siku mingi na utalia. Pitisha maji mingi mu wavu ya mikromita 300 hivi, uhesabu kwa mita kibi, na upime kasi ya maji fasi unaweka wavu, bila kasi haujui maji ngapi ilipita. Na "mvua kubwa" ni milimita ngapi? Andika namba.

Mutu_wa_Himbi (Goma)

Na ile mwezi ya Julai yenye hakuna mvua utafanya nini? Andika ile pia. Wataiuliza.

Mwana_Nguba

Mita kibi basi. Julai nitaweka kama mwezi ya kulinganisha. Mama Mapacha, naweza kukutumia kingereza yangu usome? Nitaituma Jumapili nyuma ya misa.

MamaMapacha (Bukavu)

Nyuma ya misa ya kwanza, si ya tatu. Na "éventuellement" uitoe yote mbele ya kunitumia.