WANA WA BIBI SHARIFA 🏡

Da Rehema, 08:12
Asalaam aleikum. Nakumbusha tena, Ijumaa ndiyo mwisho. Dalali kasema kuna mtu mwingine anaitaka. Ni ile nyumba ya Upanga, ghorofa ya nne, vyumba viwili, Mama atafika Muhimbili kwa miguu. Kila mtu milioni mbili za kuanzia. Namba ya dalali niliiweka jana, pandeni juu mtaiona.

Da Rehema, 09:40
Naona tiki za bluu tu.

Juma, 09:52
Kwa miguu ipi, na goti lile?

Da Rehema, 09:52
Kuna lifti.

Juma, 09:53
Na mbuzi wa Idd naye atapanda lifti? 😂

Mama Nasra, 09:55
Atabonyeza 4 mwenyewe 😂😂

Juma, 09:56
Mama akitwanga kisamvu, wa ghorofa ya tatu anahama

Da Rehema, 09:58
Jamani sitanii.

Zubeda, 10:26
Da Rehema shikamoo. Kabla ya hela naomba picha ya hati. Siyo ya kiwanja, ya hiyo nyumba yenyewe. Sheria ya 2008 inaruhusu kila nyumba ndani ya ghorofa iwe na hati yake, lakini mwenye jengo lazima akaisajili kwanza. Kama ana hati moja ya jengo zima, tunanunua maneno.

Da Rehema, 10:31
Dalali kasema iko kwenye mchakato.

Zubeda, 10:31
Hata Ilala ilikuwa kwenye mchakato.

Da Rehema, 10:32
Tusianze.

Kaka Hamisi, 10:34
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Nasra, 10:35
Kaka Hamisi nimeshausoma

Kaka Hamisi, 10:41
Nilikosea kikundi.

Zubeda, 10:50
Mimi nimekaa ghorofani miaka sita. Kila mwezi kuna pesa ya huduma: mlinzi, usafi, taka, lifti, pampu. LUKU yako ni ya ndani kwako tu. Ya pampu ikiisha na wenzako hawajachanga, taa unazo ila maji hayapandi. Lifti yetu ilikufa miezi minne, wa chini walisema wao hawaipandi. Ukinunua unaingia kwenye chama cha wamiliki, utake usitake. Tuombe daftari lao: anayeuza kaacha deni? Kuna akiba ya kuziba paa, au tutachangishwa siku linavuja? Na hati ya kiwanja ni ya miaka, kama ni 99, imebaki mingapi? Benki haijaishika? Hayo yanapekuliwa kwa Msajili wa Hati, siyo kwa dalali.

Juma, 10:52
Umeandika gazeti

Mama Nasra, 10:58
Nani ana sufuria yangu kubwa ya shughuli?

Da Rehema, 11:04
Kwa hiyo Mama aendelee kukanyaga maji kila masika? Mwaka jana nani humu alikuja kumtoa? Nilikuwa mimi na bodaboda.

Bamkubwa Tanga, 13:05
Waalaykum salaam. Rehema umehangaika sana, Mungu akulipe. Lakini mama yenu mmemwuliza? Juzi kaniambia anataka pahala pa kuanika mchele na kumwona anayepita. Huko juu ataanika wapi. Ya Ilala niliwaambia nileteeni karatasi nizisome, mkaniletea soda. Asitume mtu kitu mpaka Zubeda aione hati kwa macho yake.

Juma, 13:06
Shikamoo Bamkubwa

Mama Nasra, 13:09
Shikamoo Bamkubwa 🙏

Bamkubwa Tanga, 13:31
Marahaba.

Da Rehema, 15:30
Sawa, nimesikia. Basi Jumamosi twende tukaione, Zubeda aulize maswali yake. Nani ana gari?

Zubeda, 16:12
Jumamosi niko zamu. Jumapili?

Da Rehema, 16:13
Jumapili dalali hayupo.

Juma, 16:20
Mimi nakuja kujaribu lifti

Salum Maskati, 21:47
Asalaam aleikum, ndiyo natoka kazini. Mbona mimi nilishatuma jana usiku, kwenye ile namba ya dalali. Nyinyi bado?

Da Rehema, 21:48
Salum nipigie.

Da Rehema, 21:48
Sasa hivi.

Mama Nasra, 22:03
Na sufuria?