Ati wakili mmoja wa Mzee Kenyatta kule Kapenguria alikuwa Mjamaika?

kijana_wa_Umoja:
Wadau niaje. Jana kwa kinyozi tunangoja zamu, redio inacheza rege, mzee fulani akasema kesi ya Kenyatta kule Kapenguria, ile ya Mau Mau, ilikuwa na wakili Mjamaika. Vijana wote tukamcheka, mimi ndio nilicheka sana, nikamwambia wakili alikuwa Pritt Mwingereza tulisoma hiyo praimari. Hakujibu. Aliniangalia tu kwa kioo vile unaangalia mtoto. Sasa sina amani, kuna ukweli hapo?

rege_na_sheria:
Kaka mnunulie huyo mzee chai. Mtu mwenyewe ni Dudley Thompson. Pritt aliongoza, ndio, lakini walikuwa kundi: Chaman Lall kutoka India, H.O. Davies wa Nigeria, hawa wetu wa Nairobi kina Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza, halafu Thompson.

Alizaliwa Panama 1917, wazazi Wajamaika, akalelewa Westmoreland huko mashambani Jamaika. Akasomea ualimu chuo cha Mico, akashika chaki, vita ya Hitler ikaja akaingia jeshi la ndege la Waingereza na akapanda hadi uofisa. Vita kuisha akapata skolashipu ya Rhodes akaenda Oxford kusoma sheria. Yaani pesa ya Cecil Rhodes, yule yule mkoloni wa kusini mwa Afrika, ndio ilimsomesha mtu aliyekuja kumtetea Kenyatta! Mimi hucheka peke yangu kwa matatu nikikumbuka hiyo.

Na kabla mbishane juu ya hiyo rege: Kenyatta aliitwa Burning Spear, mwanamuziki wa rege akalichukua hilo jina, na Thompson naye kwa siasa za kwao wakamwita hivyo hivyo.

mama_Kilimanjaro:
Mnaruka Moshi jamani! Nimeolewa huku Nairobi lakini kwetu ni Moshi na hapo lazima niongee. Baada ya masomo huyo baba hakukimbilia Kingston, alikuja kufanya kazi ya uwakili Moshi. Kulikuwa na mwingine pia, Earle Seaton wa Bermuda, aliyesaidia Wameru wa Tanganyika na kesi yao ya ardhi mpaka Umoja wa Mataifa 1952. Kwa hivyo Mzee aliposhikwa ule usiku wa Oktoba 20, 1952, Thompson alikuwa hapa tu ng'ambo ya mpaka, na walikuwa wanajuana tangu Uingereza. Akasaidia kutafuta hao mawakili wa nje.

Mpita_Kitale:
Nilipeleka watoto makumbusho ya Kapenguria mwaka jana, tukaingia selo moja mimi na wawili tukawa tumejaa. Hapo zamani hakukuwa na simu wala reli, mawakili wanalala Kitale, kila asubuhi gari mpaka kortini, jioni vumbi tena kurudi. Miezi! Halafu Aprili 8, 1953 hakimu Thacker akawapa Kenyatta na wenzake miaka 7 na kazi ngumu.

sina_shujaa:
Sawa, lakini msimalizie hapo pazuri. Thompson akarudi Jamaika, akaingia chama cha PNP. 1967 akagombea Kingston Magharibi, mpinzani wake Seaga akamwangusha, ila alikuwa seneta na waziri mkuu Michael Manley akampa wizara ya mambo ya nje 1975, halafu baadaye usalama wa taifa. Januari 1978 wanajeshi wakaua vijana watano Green Bay huko Jamaika, waliitwa huko kwa kudanganywa, na Thompson akasema hakuna malaika aliyekufa Green Bay. Wakili wa Kapenguria huyo! Angekuwa upande wa utetezi angeuliza ushahidi uko wapi kabla ya kitu kingine chochote.

rege_na_sheria:
Hiyo siwezi kuitetea. Ila uzeeni alikuwa balozi Nigeria, akapigania sana fidia ya utumwa, akafa New York 2012.

kijana_wa_Umoja:
Dah. Kinyozi anasema mzee hukuja Jumamosi. Chai ni yangu na mandazi mbili. Hiyo ya Green Bay nitangoja kwanza amalize kula.